Zimwi Likirudi Likicheka

Filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa pesa kidogo ina mtaji mmoja tu, nao ni kile ambacho mtazamaji bado hajakiona. Mlango unaolia usiku, kitu kinachopita nyuma ya miti, sauti isiyo na mwenyewe: vyote hivyo havina gharama, na ndiyo sababu vijana wasio na kitu huanza na hofu kabla ya kujaribu vita au mapenzi. Lakini mtaji huo hutumika mara moja. Zimwi likishatoka gizani, tukagundua kwamba ni mtu aliyepakwa rangi na kuvishwa mpira, hakuna atakayelirudisha gizani tena. Ndipo linapokuja swali la filamu ya pili. Mwenye pesa atanunua zimwi kubwa zaidi. Asiye nazo afanye nini? Hoja yangu katika sura hii ni kwamba asiye nazo ana njia moja ya heshima: ageuke acheke pamoja na mtazamaji ambaye tayari anaijua siri. Wakosoaji wengi hukiona kicheko hicho kuwa dalili ya kuishiwa. Mimi naona kwamba mara nyingi ndicho kinachoifanya filamu ya pili iwe kazi iliyokomaa kuliko ya kwanza, hata kama haitishi kama ya kwanza. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Filamu ya pili inashughulika na kile kinachobaki bila kuliwa.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili ambayo hapa Lubumbashi hubeba jina moja la filamu ya pili. Enzi za VCD, filamu za Naijeria na za Dar es Salaam zilifika sokoni zikiwa zimekatwa: partie ya kwanza kwenye diski hii, partie ya pili kwenye diski nyingine, na mnunuzi akalipia hadithi moja mara mbili. Living in Bondage, filamu ya Kiigbo iliyotolewa na mfanyabiashara Kenneth Nnebue mwaka 1992, ndiyo iliyoipa biashara hiyo mwendo. Andy, mume mwenye uchu wa utajiri, anamtoa mkewe Merit kafara kwa chama cha siri. Pesa zinakuja, na mzimu wa mke unakuja nyuma yake. Sehemu ya pili ilitoka mwaka uliofuata, na humo Andy anapata wazimu hadi wokovu wa kanisa unapomfikia. Hiyo si filamu ya pili kwa maana ninayoitaka. Ni hadithi ileile ikimalizia deni lake, kwa sababu aliyetenda dhambi lazima atubu na muuzaji wa kaseti lazima auze tena. Hofu haikuisha kati ya diski mbili, iliahirishwa tu. Tanzania ilipoanza kutengeneza filamu zake za kutisha, Mussa Banzi akiwa mbele kwa Nsyuka na Shumileta, desturi ya kukata ilikuwa imeshakuwa kanuni ya soko. Atakayelinganisha vipande vya namna hiyo atakuwa anapima juu na chini ya nguo ileile. Tunachohitaji ni filamu iliyokwisha kabisa, watu wakaenda nyumbani, na miaka baadaye mtengenezaji yuleyule akarudi kwenye nyumba ileile na pepo yuleyule.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko mwingine ninaoufahamu haukutoka Katanga wala Afrika Mashariki. Ulitoka Michigan, Marekani, kwa vijana watatu: Sam Raimi aliyeongoza, Rob Tapert aliyetafuta pesa, na Bruce Campbell aliyecheza. Mwaka 1978 walitengeneza filamu fupi, Within the Woods, kwa dola 1,600 hivi, wakazunguka nayo kwa madaktari wa meno na mawakili wakiomba mtaji. Walichokusanya, hatimaye kama dola 375,000, kilizaa The Evil Dead. Walipiga picha kuanzia mwishoni mwa 1979 katika kibanda cha mbao karibu na Morristown, Tennessee, kwenye baridi kali. Hawakuwa na reli ya kusukumia kamera, basi waliifunga kwenye ubao, watu wawili wakashika ncha zake wakakimbia nao msituni. Huyo ndiye pepo wa filamu nzima, na hatumwoni kamwe kwa sababu sisi tumepewa macho yake. Damu ilikuwa sukari nzito ya mahindi iliyotiwa rangi. Kazi ilipochelewa na waigizaji wengi wakaenda zao, marafiki walivaa nguo za walioondoka, wakapigwa picha kwa nyuma au mkono peke yake. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Detroit tarehe 15 Oktoba 1981. Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha, aliisifu kwa maandishi, na sifa hizo zikabandikwa kwenye matangazo yake.

Ukizitazama hila hizo moja moja utaona zote zinafanya kazi moja: kuficha ukosefu. Ubao unaficha kwamba hakuna reli wala zimwi la kuonyesha. Giza linaficha kwamba nyuma ya kibanda hakuna kitu. Pembe kali za kamera zinaficha kwamba mtu huyu si yule wa jana. Hilo ni jambo la kusifiwa, maana mafundi wengi wenye pesa wangeshindwa kuficha vizuri hivyo, na sioni haja ya kubishana na wanaosema kwamba kati ya filamu hii na ile iliyoifuata, ya kwanza ndiyo inayotisha. Ndiyo inayotisha. Lakini inapofika mwisho wake, nyuso zinapoyeyuka kwa udongo wa kufinyanga uliosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, kila kitu kimeshatolewa nje. Mtazamaji ameona udongo, na anajua ni udongo.

Miaka sita baadaye, 1987, ikaja Evil Dead II. Katikati Raimi alikuwa ameanguka na Crimewave ya 1985, filamu ya vichekesho iliyokosa watazamaji, na King ndiye aliyemsemea kwa mtayarishaji Dino De Laurentiis ili apewe pesa za kurudi kibandani. Filamu inaanza kwa kuisimulia upya ile ya kwanza kwa dakika chache, na inaisimulia kwa uongo wa wazi: marafiki watano wamekuwa wawili tu, Ash, anayechezwa na Campbell, na mpenzi wake Linda. Sababu ilikuwa ya kisheria, kwani watengenezaji hawakuwa na ruhusa ya kutumia vipande vya filamu yao wenyewe. Lakini kizuizi hicho kiliwafundisha jambo. Ukilazimika kurudia hadithi ambayo mtazamaji anaikumbuka, huwezi kuirudia kwa uso uleule mkavu. Unairudia haraka, kwa kutia chumvi, kama msimuliaji anayejua kwamba wasikilizaji wanasubiri afike pale wanapopapenda.

Kisha mkono wa kulia wa Ash unaingiwa na pepo. Unamvuta nywele, unampiga sahani kichwani, unamburuta sakafuni akiwa amezirai. Anaukata kwa msumeno wa mashine, anaufunika kwa ndoo, na juu ya ndoo anarundika vitabu usitoroke. Baadaye kichwa cha paa kilichotundikwa ukutani kinaanza kumcheka, taa inacheka, vitabu vinacheka, na Ash naye anacheka pamoja navyo mpaka kicheko kinageuka kilio, bila sisi kujua ni wapi hasa kiligeuka. Hapa pana ushahidi mkuu wa hoja yangu. Katika mapambano ya mkono, zimwi ni mkono wa Bruce Campbell mwenyewe, akijipiga sahani zake mwenyewe. Hakuna giza, hakuna pembe ya kuficha; tunaona waziwazi mtu mzima anapigana na nafsi yake, na tunajua hila yote tangu sekunde ya kwanza. Ile ya kwanza isingethubutu, kwa sababu ilitegemea tusijue. Ya pili inategemea tujue. Na chumba kinachocheka kinatueleza kwa nini kicheko hiki si mapumziko ya hofu: mtu anayecheka peke yake na vyombo vya nyumbani ndiye mtu aliyekwisha. Tunacheka naye, halafu tunaona aibu kidogo, halafu tunaogopa, na hofu hiyo ya mara ya pili haina uhusiano wowote na kitu kilichojificha msituni.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa, nalo ni la pesa. Evil Dead II iligharimu dola milioni tatu na nusu hivi, karibu mara kumi ya ile ya kwanza. Vipi basi niseme kicheko ni njia ya maskini? Jibu langu ni kwamba tutazame kile pesa ilichonunua na kile isichonunua. Ilinunua mavazi bora ya mpira, zimwi la kike la chini ya sakafu, mti unaotembea, mafuriko ya damu ya rangi mbalimbali. Hivyo ndivyo vitu ambavyo umri umevila kuliko vyote. Leo vinaonekana vya kizamani. Mkono na chumba kinachocheka, ambavyo watu wanavikumbuka na kuviigiza hadi sasa, ni mwigizaji mmoja, chumba kimoja, na kamba za kuvutia vyombo. Raimi alikuwa na pesa zaidi, lakini kwa kipimo cha Hollywood bado zilikuwa kidogo, na akili ya filamu ilibaki ileile ya wenye ubao. Anayetaka kupima hoja hii bila wingu la pesa, aje karibu na kwetu, atazame mahali ambapo pesa haikuwepo kabisa.

Mahali hapo ni Wakaliga, mtaa wa Kampala, ambako Nabwana I.G.G., aliyewahi kufyatua matofali, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama ambayo haikufika dola 200. Si filamu ya kutisha, ni ya mapigano, lakini inatufaa kwa sababu ya ajali iliyoipata. Kompyuta ya Nabwana, aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri, haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kila kitu, na faili za filamu zilifutwa ili kazi nyingine ziingie. Filamu asilia ikapotea. Iliyobaki, na ambayo dunia nzima imeiona kwenye intaneti, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, msimuliaji anayezungumza juu ya picha mwanzo hadi mwisho: anawatangaza wapiganaji, anawatania, anaisifu filamu katikati ya filamu. Yaani kilichobaki ni toleo la pili, toleo linalocheka. Je, tunahuzunika kwa kupotea kwa la kwanza? Kwa upande wa historia, ndiyo, na tuna haki. Lakini jaribu kuiangalia huku umezima sauti. Utaona bunduki za mabomba na moto uliobandikwa na kompyuta. Sauti ya Emmie haivifichi vitu hivyo, inavinyoshea kidole, na anapovinyoshea ndipo mtazamaji anapoacha kuhesabu kasoro na kuanza kujali nani atakufa.

Na Emmie si mtu wa ajabu katika kanda hii. Uganda ina ma-VJ wengi wa namna yake. Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake juu ya filamu za Marekani na Asia kimewafanya watu watafute filamu kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya nyota wake. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyetafsiri na kusimulia filamu za kigeni mpaka watazamaji wakawa hawakumbuki zilizungumza lugha gani. Msimuliaji anatengeneza filamu ya pili juu ya ya kwanza bila kupiga picha hata moja, na mara nyingi filamu hiyo ya pili ni ya vichekesho hata pale ya kwanza ilipokuwa na uso mkavu. Huo ndio mwendelezo wa bei nafuu kuliko wote duniani. Wanaosema kwamba kicheko kinaua kazi ya kwanza wana haja ya kutueleza kwa nini mamilioni ya watu, kutoka Kampala hadi Mombasa, wamechagua kuiona kazi ya kwanza kupitia kicheko.

Pingamizi la pili ni la wenye heshima kwa asili. Wanasema filamu ya kwanza ndiyo iliyobuni. Ya pili, hata ikipendeza, inakula jasho la mwenzake. Ni pingamizi linalotokana na mazoea ya kitabu, ambapo kuna maandishi ya kwanza na mengine yote ni nakala. Lubumbashi ina mazoea mengine, na yamehifadhiwa vizuri. Kundi la Mufwankolo, lililoongozwa na Odilon Kyembe Kaswili ambaye mji wote ulimjua kwa jina hilo la jukwaani, lilicheza michezo yake kwa Kiswahili cha Katanga bila maandishi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia jinsi kundi hilo lilivyotunga mchezo kutokana na usemi kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima: mazungumzo ya kwanza, mazoezi ya kurudiarudia, hadi siku mchezo ulipochezwa kijijini Kawama mbele ya kamera za televisheni. Alichapisha yote katika Power and Performance, 1990. Ukisoma hatua hizo huwezi kunyoosha kidole ukasema hapa ndipo mchezo wa asili ulipo. Kila zoezi lilikuwa jibu kwa zoezi lililotangulia. Mtu alichosema kwa bahati jana, leo mwenzake amekisubiri na kukijibu kwa mzaha. Waigizaji wale walikuwa wachekeshaji, na kuchekesha kwao kulikua kadiri walivyozidi kuijua hadithi. Kwa mtazamaji aliyelelewa na jukwaa la namna hiyo, swali la kama ya pili ina haki ya kuwepo halina maana kubwa. Anauliza kama ya pili imesikiliza ya kwanza.

Kwa mizani hiyo zipo filamu za pili zinazoanguka vibaya, na nisingependa msomaji adhani natetea kila kicheko. Chukua The Return of the Living Dead ya Dan O'Bannon, 1985: maiti zinafufuka kwa gesi ya jeshi, na filamu inacheka tangu mwanzo, huku ikitisha kweli pale maiti inapoeleza kwa nini inahitaji ubongo wa walio hai. Miaka mitatu baadaye ikaja ya pili, ikiongozwa na Ken Wiederhorn. Iliwarudisha waigizaji walewale wawili, James Karen na Thom Mathews, katika majina mapya lakini wakipatwa na mkasa uleule, wakilalamika karibu kwa namna ileile. Ni filamu dhaifu, na udhaifu wake unaunga mkono hoja yangu badala ya kuipinga. Ya kwanza ilikuwa imeshacheka. Ilikuwa imeshakiri kila kitu. Ya pili haikuwa na siri ya kufichua wala hofu ya kugeuza, ikabaki kurudia utani ambao tayari ulikuwa utani. Kicheko cha filamu ya pili kinalipa pale tu ya kwanza ilipokuwa na deni, yaani pale ilipotutisha kwa dhati.

Limebaki pingamizi zito, na ni la hapa nyumbani. Mkazi wa Katuba au mama wa Kenya, nakusudia mtaa wa Lubumbashi, anaweza kusema: hayo ya Marekani yana pepo wa kubuni, watu wale hawawaamini, sisi tunaishi na bulozi, yaani uchawi, na bulozi si jambo la kuchezea. Siwezi kulijibu kwa kejeli, maana mji huu una historia ya hofu zilizokuwa na sababu. Katika miaka ya 1940, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, watu waliogopa batumbula, waliosemekana kukamata Waafrika usiku kwa niaba ya wazungu ili waliwe. Desemba 1941 wanajeshi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kukusanyika uwanjani. Ambaye ameona hayo hana sababu ya kuliona zimwi kama mchezo. Na leo hofu ya uchawi ina majeruhi wake halisi: watoto wanaotuhumiwa kuwa wachawi, wanaopigwa na kufukuzwa nyumbani, mpaka sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaifanya tuhuma hiyo kuwa kosa la jinai. Katrien Pype, aliyeishi na waigizaji wa tamthilia za televisheni Kinshasa, ameeleza jinsi walivyosali kabla ya kazi, kwa sababu kuigiza mchawi ni kufungua mlango. Katika tamthilia zile uchawi hauchekwi. Mchungaji anaufichua, mchawi anaanguka, hadithi inaisha.

Lakini tujiulize ni nani aliyenufaika na uso huo mkavu. Tamthilia inayomfichua mchawi mara moja, na mara ya pili, na mara ya ishirini, bila kucheka hata kidogo, haimalizi hofu. Inaihifadhi ikiwa mbichi, na mtazamaji anarudi nyumbani akimtazama yatima wa shangazi yake kwa jicho lingine. Hatari ya kicheko ipo, nakubali, ila hatari ya kutocheka imeshahesabiwa kwa watoto waliolala barabarani. Kinachoamua ni mtu anayechekwa. Filamu inayomcheka aliyetuhumiwa inaongeza pigo juu ya pigo, na nisingeitetea hata ingekuwa ya pili au ya kumi. Filamu inayowacheka wanaotuhumu, pilikapilika zao, bei zao, hofu yao ya tone la damu, hiyo inafanya kazi ambayo mahubiri hayajaiweza.

Mfano tunao, na umetoka kwa mtoto wa mji. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, alionyesha Augure kwenye tamasha la Cannes mwaka 2023 katika kitengo cha Un Certain Regard, akatoka na tuzo ya sauti mpya. Shujaa wake, Koffi, anarudi Kongo na mchumba wake Mbelgiji baada ya miaka mingi. Alama aliyozaliwa nayo ilimfanya mama yake amwone ni mtoto wa shetani. Wanapompokea, damu inamtoka puani ikamdondokea mtoto mchanga wa familia, na ukoo mzima unalipuka. Tukio hilo linatisha, na pia linachekesha, kwa sababu tunaona jinsi tone dogo linavyoweza kuwakimbiza watu wazima waliovaa nguo za sikukuu. Tunamhurumia Koffi. Tunaowacheka ni wajomba. Augure si filamu ya pili ya kitu chochote, na haina bajeti ya ubao na sukari ya mahindi, ila imefanya kile ambacho filamu za pili nzuri hufanya: imeichukua hofu ambayo kila mtazamaji ameshaisikia tangu utoto, haikujifanya kuigundua upya, ikaanzia pale watu wanapoijua.

Hapa ndipo naona nafasi ya wanaotengeneza filamu kwa simu na kamera za kuazima Ruashi, Kampemba na kwingineko mjini. Mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, anayetoa utajiri na kudai malipo ya kutisha, alitundikwa kwenye sebule za Lubumbashi miaka ya 1970, juu ya viti vya wageni, kazi ya wachoraji waliomchora tena na tena kwa kila mteja. Watu waliomwogopa ndio walionunua picha yake. Hadithi yake ya kutisha imeshasimuliwa kiasi cha kutosha; hakuna mtoto wa mji huu atakayeshtuka kwa kuambiwa kwamba pesa za jirani zimetoka mtoni. Atakayetengeneza filamu ya kwanza juu yake bado anaweza kutisha, akiwa na giza zuri na subira. Atakayetengeneza ya pili asiuze kiwanja ili kumnunulia mamba muntu mkia mrefu zaidi. Amrudishe na mkia uleule wa turubai, mchana, mbele ya mke wa nyumba anayemfahamu na anayetaka kujua risiti ya mafriji iko wapi.

Raimi mwenyewe aliijaribu njia ya mkia mrefu. Army of Darkness, ya tatu katika mfululizo wake, ilipata takriban dola milioni 11, ikampeleka Ash enzi za wafalme na kumpa jeshi zima la mifupa wa kupigana naye. Vichekesho vimebaki humo na vingi ni vizuri, lakini hakuna anayeogopa, na bila mtu kuogopa vichekesho hivyo havina cha kushindana nacho. Kwangu ndiyo dhaifu katika tatu. Ya kwanza ndiyo inayotisha, ya pili ndiyo bora. Msomaji anayetaka kunipinga aziangalie hizo mbili za mwanzo usiku mmoja, kwa mpangilio wake, SNEL, kampuni ya umeme, ikiruhusu.